Taa ya moteri ikiwaka: tutafute sababu mbele ya kununua piese



Somo la leo haliko juu ya mbegu wala mbolea. Liko juu ya gari ya koperative, ile inayobeba kakao, kahawa, viazi na mihogo yetu mpaka sokoni. Katika koperative nyingi, gari njo kitu cha bei kali kuliko vyote tulivyonunua pamoja. Siku ile taa ndogo ya manjano yenye picha ya moteri inawaka kwenye tablo, mara nyingi kunatokea moja kati ya mambo mawili. Ao shofere anaizoea na kuendelea sawa vile hakuna kitu. Ao tunakimbia garaje, tunanunua piese moja, kisha ya pili, kisha ya tatu, na taa inabaki inawaka. Njia zote mbili zinakula makuta ya wanamemba.

Neno kubwa la somo hili ni moja: taa haisemi piese gani ya kununua. Inasema tu kama kompyuta ya gari imeona kipimo ambacho hakiko sawa. Kazi ya kutafuta sababu inabaki kwetu na kwa fundi.

Shambani tunajua tayari jambo hili. Majani ya mahindi yakigeuka manjano, sababu zinaweza kuwa nyingi. Kama manjano inaanza kwa majani ya chini, kwenye ncha, na kufuata mushipa wa katikati, tunafikiri ukosefu wa azoti. Kama maji yamesimama shambani, mizizi inakosa hewa na majani yanageuka manjano pia. Kama ni mistari ya manjano kwenye majani mapya ya juu, tunafikiri virusi. Mutu anayekimbia kununua urea mbele ya kuangalia, anaweza kutupa makuta yake ndani ya matope. Na gari iko vile vile: alama si ugonjwa wenyewe.

Taa hii ilitoka wapi?

Historia yake inagusa wakulima. Katika miaka ya 1940, kule Los Angeles, Marekani, watu walianza kuona ukungu muchafu unaowasha macho. Wakulima wa mboga wa kandokando ya muji waliona majani ya mboga zao yanaharibika bila mududu wala ugonjwa uliojulikana. Mwalimu mumoja wa kemia ya mimea, Arie Haagen-Smit, aliyekuwa anachunguza harufu ya mananasi, aliombwa kuchunguza ile hewa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alionyesha kama moshi wa magari na wa viwanda, ukipigwa na jua, unazaa ozoni, na ozoni ile njo inachoma majani na kupasua kaoshu.

Kisha hapo serikali ya kule ikaanza kulazimisha watengenezaji wa magari kupunguza moshi mubaya. Wakaweka piese za kusafisha moshi, na kompyuta ya kuzichunga. Tangu magari ya mwaka 1996, kila gari ndogo inayouzwa Marekani inapaswa kuwa na mufumo mumoja wa kuchunga moshi, wenye plake ya matundu 16 chini ya usukani na majina ya makosa yanayofanana kwa gari zote. Mufumo ule unaitwa OBD-II. Ulaya ilifuata kwa gari za esanse kuanzia mwaka 2000 na 2001. Kwa hiyo taa ya moteri ni, kwanza, taa ya moshi. Lakini moteri inayotoa moshi mubaya ni moteri inayochoma esanse vibaya. Pale njo makuta yetu yanapitia.

Kwanza tutofautishe taa

Taa nyekundu ya mafuta ya moteri, ao nyekundu ya joto: simama mara moja, zima moteri. Dakika chache zinatosha kuua moteri nzima.

Taa ya manjano ya moteri inayowaka bila kupepesa: unaweza kumaliza safari kama gari inavuta vizuri, haipande joto, haitoe sauti mubaya. Lakini inapaswa kuchunguzwa ndani ya siku chache.

Taa ya manjano inayopepesa: kuna silinda inayokosa kuwaka. Esanse ambayo haikuungua inaenda kuungua ndani ya katalizeri, ile boksi ya kusafisha moshi, na kuipasha joto kupita kiasi. Katalizeri inaweza kuyeyuka ndani na kuziba. Punguza mwendo, usipande mulima na muzigo muzito, tafuta nafasi nzuri ya kusimama. Kama kuna magunia ya kakao ndani, heri kutafuta gari ingine kuyabeba kuliko kuharibu katalizeri juu ya bujie moja.

Kuna pia jaribio ambalo kila mwanamemba anaweza kufanya, hata bila kujua kuendesha. Geuza ufunguo mpaka taa zote za tablo ziwake, lakini usiwashe moteri. Taa ya moteri inapaswa kuwaka. Kisha washa moteri: inapaswa kuzima. Kama haiwake hata kidogo mwanzoni, ampuli imekufa ao kuna mutu ameitoa. Wakati wa kununua gari okazio, fanyeni jaribio hili mbele ya kuongea bei.

Kompyuta inapima nini?

Moteri ya esanse inapenda kilo 14,7 hivi za hewa kwa kilo 1 ya esanse. Hewa ikizidi, tunasema muchanganyiko ni mukavu. Esanse ikizidi, tunasema ni munono. Kwenye bomba la moshi kuna kapteri ya oksijeni inayoonja moshi. Kwa kapteri ya kawaida, moshi munono unatoa karibu volti 0,9, moshi mukavu unatoa karibu volti 0,1. Kompyuta inasoma, inaongeza ao kupunguza esanse, inasoma tena. Ni kama mutu anayeonja mboga na kuongeza chumvi kidogo kidogo.

Kisha moshi unapita ndani ya katalizeri. Ndani kuna platini, paladi na rodi, madini ya bei kali sana. Inageuza gazi tatu mbaya kuwa gazi kaboni, mvuke wa maji na azoti. Nyuma yake, gari nyingi ziko na kapteri ya pili, inayochunga kama katalizeri inafanya kazi.

Kwenye tanki, esanse inageuka mvuke kwa joto. Mvuke ule unalindwa ndani ya kopo lenye makala, kisha unavutwa na moteri na kuungua. Gari zingine ziko pia na robine inayorudisha moshi kidogo ndani ya moteri ili kupunguza joto la moto. Jina lake ni EGR.

Kusoma kodi

Kompyuta ikiona kosa, inaandika kodi ya alama 5. Herufi P maana yake ni moteri na giya. Kodi zinazoanza na P0 ni za gari zote; P1 mara nyingi ni za mutengenezaji mwenyewe. Namba inayofuata inaonyesha fasi: 1 na 2 ni hewa na esanse, 3 ni kuwaka kwa silinda, 4 ni piese za kusafisha moshi, 7 ni giya. Kwa mufano:

P0301: silinda ya 1 inakosa kuwaka. P0300: silinda zinakosa kuwaka bila mupango.
P0171: muchanganyiko ni mukavu kupita kiasi.
P0172: muchanganyiko ni munono kupita kiasi.
P0135: waya ya kupasha kapteri ya kwanza ya oksijeni haifanye kazi.
P0401: moshi unaorudi kwa EGR hautoshi.
P0420: katalizeri haisafishe kadiri inavyotakiwa.
P0455: mvuke wa tanki unatoka sana.

Kusoma, mutahitaji skana ndogo inayochomekwa kwenye plake ya matundu 16 na kuongea na telefone. Lakini muangalie: gari nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Japani ziko na plake ya sura ile ile na hazijibu skana ya kawaida. Zinahitaji skana inayojua lugha yao.

Kwa Toyota nyingi za zamani za esanse kuna njia ya waya. Fundi anaunganisha tundu TE1 na E1 ndani ya kaboksi ya plastiki karibu na moteri, ao tundu 4 na 13 kwenye plake ya matundu 16, kisha anawasha kontakti bila kuwasha moteri. Taa inapepesa kwa kuhesabu. Ikipepesa mara 2, ikapumzika, ikapepesa mara 1, ni kodi 21, kapteri ya oksijeni. Kodi 22 ni kapteri ya joto la maji. Kodi 25 ni muchanganyiko mukavu. Ikipepesa sawasawa bila kupumzika, hakuna kosa. Kazi hii ni ya fundi anayejua. Kuunganisha tundu lisilo lake kunaweza kuua kompyuta.

Muandike kodi kwenye karatasi mbele ya mutu yeyote kutoa waya ya batri. Ukitoa batri, kodi zinafutika, na pamoja nazo ile picha ya vipimo ambayo kompyuta iliweka wakati kosa lilitokea: mwendo, joto, nguvu ya moteri. Ni kama kufuta nyayo za mwizi mbele ya polisi kufika.

Mufano wa kwanza: P0171

Fundi anasoma P0171 na kusema: «Kapteri ya oksijeni imekufa, mununue ingine.» Musikubali haraka. Kapteri imesema kuna hewa mingi. Labda inasema ukweli! Skana inaonyesha pia asilimia ya esanse ambayo kompyuta inaongeza ao kupunguza. Kati ya kupunguza 10 na kuongeza 10 ni kawaida.

Tuseme kwa ralanti kompyuta inaongeza asilimia 22, na kwa mizunguko 2.500 inaongeza 6 tu. Maana yake, hewa inaingia kwa njia ya wizi, kupitia tiyo iliyopasuka ao joani iliyochoka. Kwa ralanti moteri inavuta hewa kidogo, kwa hiyo ile ya wizi inaonekana sana. Ikivuta mingi, ya wizi inamezwa. Dawa inaweza kuwa tiyo ya kaoshu ya bei ndogo.

Tuseme ni kinyume: kwa ralanti ni 5, lakini kwa kupanda mulima inafika 20. Hapo esanse haifike ya kutosha. Angalieni filtre ya esanse, pompe, injektere. Angalieni pia kapteri ya hewa, ambayo vumbi la barabara zetu linaichafua wakati filtre ya hewa imechoka ao haifunge vizuri. Inasafishwa na dawa yake ya kupuliza, si kwa kidole wala kwa brosi.

Tena, bomba la moshi likitoboka mbele ya kapteri, hewa ya nje inaingia na kapteri inaona ukavu ambao hauko ndani ya moteri. Sikilizeni mulio asubuhi moteri ikiwa baridi, na muangalie alama nyeusi za moshi kwenye maungio.

Mufano wa pili: P0420

Kodi hii inaogopesha juu katalizeri ni ya bei. Mbele ya kununua, maswali mane. Bomba la moshi limetoboka karibu na kapteri? Moteri inakula mafuta na kutoa moshi wa bluu? Kuna silinda ilikosa kuwaka siku za nyuma? Muchanganyiko ulibaki munono kwa muda murefu? Kama jibu moja ni ndiyo, tengenezeni hiyo kwanza. Ukiweka katalizeri mupya kwa moteri inayokula mafuta, nayo itakufa kama ya kwanza.

Kisha fundi aangalie kapteri ya nyuma wakati moteri imepata joto. Katalizeri ikiwa nzima, volti ya nyuma inatulia. Kama inapanda na kushuka haraka sawa na ile ya mbele, katalizeri imechoka kweli.

Kuna garaje zinazopasua katalizeri na kuitoa yote ya ndani, na kusema «sasa gari itavuta.» Jueni mambo matatu. Yale madini ya ndani yanauzwa, na si nyinyi munaopata makuta yale. Moshi wenye sumu unaongezeka. Na katika gari yenye kapteri ya nyuma, taa itawaka siku zote. Ikiwaka siku zote, shofere anaacha kuiangalia. Siku inaleta habari ya kosa lingine kubwa, hakuna atakayejua.

Mazutu nayo

Gari za mazutu za zamani zenye pompe ya kawaida, mara nyingi hazina mufumo huu. Pale tunasoma rangi ya moshi. Mweusi: mazutu imezidi ao hewa haitoshi, anza na filtre ya hewa. Bluu: moteri inakula mafuta. Mweupe unaoendelea hata moteri ikiwa ya moto: mazutu haiungue vizuri, ao maji yanaingia ndani ya silinda.

Gari mupya za mazutu ziko na filtre ya masizi. Inajisafisha kwa kuchoma masizi kwenye joto la digri karibu 600. Gari inayotembea pole pole, safari fupi fupi, haifike joto lile, na filtre inaziba. Taa yake ikiwaka, mara nyingi safari ya dakika 20 ao 30 kwa mwendo wa kutosha inasaidia, kama kitabu cha gari kinaruhusu. Kuchelewa kunageuza jambo dogo kuwa fakture kubwa.

Esanse ya bidoni

Tunajua wote wale wauzaji wa pembeni ya barabara wanaoitwa kadafi. Kuna siku hatuna njia ingine. Lakini esanse iliyochanganywa na petroli ya taa, ao yenye maji, inaleta silinda kukosa kuwaka. Taa ikiwaka siku moja kisha kujaza bidoni, muandike jambo lile na mumwambie fundi. Ni habari ya maana kuliko piese mupya. Na katika gari zinazopima mvuke wa tanki, angalieni kifuniko: kikiwa wazi ao kaoshu yake imepasuka, taa inaweza kuwaka. Ukikifunga, usingoje taa izime papo hapo. Kwa makosa mengi kompyuta inapaswa kuona safari 3 nzuri zinazofuatana mbele ya kuizima.

Hesabu ya koperative

Tuchukue gari inayokula litre 12 kwa kilometre 100. Muchanganyiko ukiwa munono, inafika litre 15. Kama inatembea kilometre 400 kwa juma, ilikuwa inakula litre 48. Sasa inakula 60. Ni litre 12 zinazopotea kila juma, litre 624 kwa mwaka. Zidisheni kwa bei ya litre kwenu, kisha mulinganishe na bei ya kuchunguza kodi mara moja.

Ndiyo sababu ninawaomba muwe na kitabu cha gari. Kila safari: tarehe, kilometre, litre, fasi esanse ilinunuliwa, taa iliyowaka. Kila kodi iandikwe. Na kabla mutunza makuta hajatoa makuta ya piese, fundi ajibu maswali matatu: kodi ni gani? Ulifanya jaribio gani kujua ni piese hii? Piese ya zamani iko wapi tuione? Fundi muzuri hatakasirika. Atafurahi, juu mutamulipa kazi ya akili yake, si ya kubadilisha tu.

Neno moja la mwisho ni la uzima. Moshi wa moteri uko na oksidi ya kaboni, gazi isiyo na rangi wala harufu, inayoua mutu akiwa ndani ya usingizi. Musiache gari, jeneratere ao mashini ya kusaga ikiwaka ndani ya depo iliyofungwa, hata mvua ikiwa kali, hata kwa dakika chache.

Maswali ya kuzungumuza katika kikundi

1. Taa ya moteri inapepesa, na gari imebeba kakao mbichi. Shofere afanye nini? Nani mwingine apigiwe simu?
2. Fundi anasema tununue katalizeri. Tumuulize nini mbele ya kulipa?
3. Tunataka kununua gari okazio. Taa ya moteri haiwake hata wakati wa kugeuza ufunguo. Inaonyesha nini?
4. Tufungue kitabu chetu cha gari. Katika miezi 3 iliyopita, litre kwa kilometre 100 zimepanda ao zimebaki pale pale?

Kwa koperative isiyo na kitabu bado, kazi ya mukutano unaokuja ni kununua kaye moja, kuchagua mutu wa kuandika, na kufanya lile jaribio la ufunguo wote wakiwa wanaangalia.